Mashine Mbili kwa Jubilei ya Urambo

Kompyuta yangu ya mezani niliiunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiingia studioni kwangu, mtaa wa Kanyenye, Tabora, wakamkuta mwanamke wa makamo mwenye kilemba amekaa mbele ya skrini mbili, huanza kuangaza macho huku na huku wakimtafuta fundi. Fundi ndiye mimi. Natengeneza video za harusi, za kipaimara na za kwaya, na kwaya ndizo zinazoniweka mjini. Kwaya ikitoka kijijini na albamu yake inataka kila mwimbaji aonekane uso, sare zing'ae, na nyuma yao kuwe na maporomoko ya maji hata kama walirekodiwa kwenye uwanja wa shule wenye vumbi. Kazi ya namna hiyo inakula kompyuta. Ukimaliza kupanga picha na sauti, lazima mashine ikae ichanganye kila kitu iwe filamu moja. Sisi tunasema inaipika. Hapo ndipo prosesa inapojulikana ni ya kweli au ya maneno.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata, anaishi Dar es Salaam. Naye ni mtu wa kompyuta, ila wa ofisini, kwenye viyoyozi na zulia. Mwaka huu alichukua likizo kwa ajili ya jubilei ya ndoa ya wazazi wetu, ambao wapo Urambo, walikolima tumbaku maisha yao yote. Tulikuwa tumekubaliana kwenye simu kwamba zawadi yetu itakuwa filamu: picha zao za zamani, maneno ya ndugu na majirani, na wao wenyewe wakisimulia. Ingeonyeshwa kanisani Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu wote. Kurekodi nilikuwa nimeshamaliza. Kilichobaki ni kupanga na kupika.

Alifika Jumatatu na gari lake, amechoka na safari lakini anacheka, na begani ana mkoba mweusi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa."

"Na wewe bado unalo hili kabati?" Aligonga kava la kompyuta yangu, ambalo ubavu mmoja huwa naliacha wazi ili hewa ipite. Kisha akafungua mkoba wake akatoa laptopu mpya, nyembamba, ya kijivu, akaiweka mezani kwa vidole viwili kama mtu anayeweka sahani ya kioo. "Hii hapa. Kabati lako liuze kwa mtu wa picha za pasipoti."

Nilimwambia picha za pasipoti napiga pia.

Basi akaanza. Akanionyesha kibandiko kando ya kibodi, chenye jina la prosesa, akaniambia nisome, halafu nisome na kilichobandikwa kwenye kava langu. Majina yalikuwa ya ukoo mmoja. Yake ilikuwa ya kizazi cha karibuni na namba zake kubwa kuliko zangu.

"Unaona? Ni ndugu. Ila huyu wa kwangu ni mdogo aliyempita mkubwa wake."

"Inakula wati ngapi?"

"Wati za nini, dada? Tunazungumzia kasi."

"Kasi inatoka wapi?"

Akacheka. Nami sikuwa na haraka. Prosesa yenyewe ni kipande kidogo, hakizidi biskuti, lakini kazi yote ya hesabu inafanyika humo, na hesabu inataka umeme, na umeme ukishafanya kazi unageuka joto. Joto hilo lisipopata pa kutokea, prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Juu ya prosesa yangu nimefunga bonge la chuma lenye mapezi na feni, zito kama tofali. Laptopu nyembamba haina nafasi ya tofali. Ina kibomba chembamba cha shaba na feni ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Ndiyo maana walioitengeneza wameipimia umeme mdogo, hata kama jina lililoandikwa juu linakaribia kufanana na la ile ya mezani. Haya nilijifunza kwa kuunguza vidole, katika joto la mwezi wa kumi chini ya bati, wakati mvua bado hazijashuka na Tabora nzima inanuka vumbi la moto.

Sauti zetu zilikuwa zimepanda. Mwenye nyumba wangu, mzee wa Kihindu mwenye duka la vitambaa upande wa barabarani, akachungulia na futi yake ya kupimia shingoni.

"Watoto, mnagombana nini?"

"Shikamoo mzee. Hatugombani, tunashindana," nikasema.

Mdogo wangu akamweleza. Mzee akasikiliza kwa makini, kisha akavuta kiti. "Mimi vitambaa viwili vikibishaniwa navilowesha maji, nikavianika juani. Kinachochuja rangi kinajulikana. Loweshenichi hizo."

"Loweshenichi" ni neno lake mwenyewe. Tulicheka, lakini alikuwa amesema la maana, tukakubaliana ashike saa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kipande kifupi, wimbo mmoja wa kwaya. Tukakiweka kwenye mashine zote mbili, tukabonyeza pamoja. Laptopu ilimaliza kabla yangu haijafika nusu. Sitazunguka hapa: ilinipiga vibaya. Mdogo wangu alisimama akazunguka chumba mikono juu kama aliyefunga goli, na mzee akampigia makofi.

"Hongera," nikasema. "Sasa tuweke albamu nzima."

"Hata ukiweka harusi nzima."

Tuliweka albamu nzima. Kwa muda laptopu iliongoza, na mdogo wangu akaagiza soda. Kisha feni yake ikaanza kulia, sauti nyembamba kama ya mbu aliyeingia chandaruani. Nikaona namba za pale kwenye skrini yake, zile zinazoonyesha mwendo wa prosesa, zikishuka. Zikapanda kidogo, zikashuka tena zaidi. Alipoweka kiganja chini ya laptopu alikiondoa haraka. Mashine yangu upande wa pili ilikuwa inavuma vilevile ilivyoanza, haijaongeza wala haijapunguza. Ikaikuta ya kwake, ikaipita, na mzee aliyekuwa ameanza kusinzia akaamka akauliza kama tumemaliza. Nilikuwa nimemaliza. Mdogo wangu alikuwa bado.

Hakukata tamaa, na hilo nilimpendea tangu utoto. Aliinua laptopu juu ya vipande viwili vidogo vya mbao, akaigeuzia feni ya mezani, tukarudia. Ikawa bora zaidi, ikanikaribia kabisa. Halafu mimi nikachomoa chaja yake ukutani.

"Aa, dada! Unafanya nini?"

"Nataka kuona ikiwa inajitegemea."

Ikitumia betri peke yake, mwendo ulianguka mara moja, bila hata kungoja joto. Mashine ilikuwa inabana matumizi ili betri isiishe. Mdogo wangu alitazama zile namba kwa muda mrefu. Nadhani hakuwahi kuiona ikifanya kazi ngumu mbali na ukuta. Ofisini kwao soketi ipo chini ya kila meza.

"Mzee, hukumu," nikasema.

Mzee alikunja futi yake. "Hii nyembamba inakimbia sana asubuhi. Hii nene inakimbia mchana kutwa. Mimi ningenunua zote mbili, lakini mimi ni mfanyabiashara."

Kuanzia siku hiyo mdogo wangu aliacha kuiita kabati. Tulifanya kazi pamoja: yeye kwenye laptopu yake akisafisha picha za zamani, moja moja, kazi fupi fupi ambazo ilizifanya kwa kufumba na kufumbua, mimi kwenye mezani nikiunganisha na kupika. Sikupika filamu nzima kwa mkupuo. Nilipika sehemu kwa sehemu, na kila sehemu iliyoiva niliiweka, pamoja na rekodi zote ghafi, kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, kwa sababu umeme wa kwetu naufahamu tabia yake. Tukafika Ijumaa tukiwa tumebakiza sehemu moja tu. Mazungumzo ya baba.

Niliyarekodi Urambo, kwenye bani lake la kukaushia tumbaku, mahali pekee ambapo baba huongea zaidi ya sentensi mbili. Upepo ulikuwa mkali siku ile na sauti yake ni ya chini, hivyo rekodi ilikuwa na mvumo mwingi. Kuutoa mvumo bila kuiharibu sauti ya mtu ni kazi nzito kuliko kupika picha. Nilikuwa nimeibakiza ya mwisho ili mashine yangu iifanye kwa utulivu, mchana mzima kama ikibidi.

Mchana huo wa Ijumaa transfoma ya mtaa wetu ililipuka. Tulisikia kishindo, feni zote zikazunguka taratibu zikasimama, skrini zangu zikawa nyeusi. Watu walitoka madukani wakatazama juu kwenye nguzo. Mafundi wa umeme walikuja wakaangalia, wakasema mpya itatoka mbali, tusiingoje kesho. Mzee akatuletea waya kutoka kwenye jenereta yake ndogo. Niliijaribu kompyuta yangu mara moja: jenereta ilipoyumba, kompyuta ilijizima. Nikaichomoa, na chaja ya laptopu hatukuthubutu kuichomeka kwenye umeme wa namna hiyo. Kama ningeendelea kuilazimisha, ningeiunguza kompyuta, na sehemu ya baba isingeiva.

"Tuipakie kwenye gari," mdogo wangu akasema. "Umeme Urambo upo. Tutaiunga huko."

Nililifikiria hilo. Lakini kesho yake asubuhi gari lilikuwa na shangazi zetu wawili, magunia ya mchele, kreti za soda na nguo za sherehe. Halafu lile tofali la feni linaning'inia juu ya prosesa kwa skrubu nne. Ukilitikisa njia nzima mpaka Urambo, unaweza kufika na bodi iliyopasuka. Nikakataa.

"Basi nitaifanya kwenye gari. Wewe uendeshe, mimi nipike njiani. Tukifika imeiva."

"Kwa betri?"

Akaitazama laptopu yake. Alikuwa ameiona mwenyewe ilivyoanguka.

"Utafika Urambo betri imekwisha na kazi haijafika nusu," nikamwambia. "Laptopu yako ilale mpaka tufike. Tukifika, nataka vitu viwili: soketi nzuri na chumba cha baridi. Na hatuipikishi mazungumzo yote kwa mara moja. Tunayakata vipande vifupi. Kipande kifupi hakuna anayemshinda huyu. Akimaliza kimoja, tunamwacha apoe, tunampa kingine."

Mdogo wangu alinitazama kwa namna ambayo sijaizoea kutoka kwake. "Kama mbio za kupokezana vijiti, lakini mkimbiaji mmoja."

"Ndiyo. Na tutafika kabla ya wakati."

Sikuwa najipa moyo. Nilikuwa nimeiona mashine yake ikishinda na ikishindwa kwenye meza yangu mwenyewe, kwa hiyo nilijua wapi pa kuiamini.

Jumamosi tuliondoka mapema, mashangazi wakiimba viti vya nyuma, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Urambo. Nyumbani hatukuweza kufanya kazi hiyo; mama angechungulia. Tulikwenda kwa mchungaji wa kanisa la Moravian wanakosali wazazi wetu. Mke wake alitupokea, tukamwamkia, nikamweleza shida yangu ilivyo: nahitaji soketi na chumba chenye baridi kuliko vyote ndani ya nyumba yake.

Hakuuliza mara mbili. Alitupeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya jikoni, sakafu ya saruji tupu, dirisha la kaskazini, mitungi miwili ya maji imepangwa ukutani. Ukiingia ulihisi miguu inapoa. Nikaomba sinia kubwa la chuma. Nililipindua sakafuni, nikaweka vijiti viwili juu yake ili hewa ipite chini, na laptopu juu ya vijiti. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka na suruali yake ya Dar, nami nikakaa kwenye kigoda. Tukachomeka diski, tukaanza.

Ilienda kama nilivyosema. Kipande kimoja, mapumziko, kipande kingine. Feni ililia kidogo tu, kisha ikatulia. Zile namba hazikushuka kama zilivyoshuka Kanyenye. Na kwa sababu tulikuwa tunasafisha sauti kipande kwa kipande, tulilazimika kuyasikiliza maneno ya baba kwa makini, neno kwa neno, kadri mvumo wa upepo ulivyokuwa unatoka na sauti yake inabaki peke yake.

Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuyasikia.

Baba anasema kwenye rekodi ile kwamba mwaka wa pili wa ndoa yao, kabla sijazaliwa, bani liliungua usiku na tumbaku yote ya msimu ikiwa ndani. Asubuhi yake alimwambia mama anakwenda kuangalia ng'ombe kwa kaka yake. Hakwenda kwa kaka yake. Alikwenda stesheni, akakata tiketi ya treni ya kwenda mbali, na hakuwa na nia ya kurudi. "Niliona aibu," anasema, na hapo sauti yake inashuka hata mashine ilihangaika kuitofautisha na upepo. "Nilikuwa nimemtoa kwao kwa maneno makubwa. Treni ikaja. Watu wakapanda. Mimi miguu ikakataa. Ikaondoka, nikabaki kwenye benchi na begi. Nikarudi nyumbani jioni. Akanipa chakula, hakuniuliza kitu. Mpaka leo hajui. Hilo liweke, mwanangu. Usilikate. Nataka alisikie nikiwa bado nipo."

Mdogo wangu aliondoa vifaa vya masikioni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, hili haliwezi kwenda kanisani."

"Kwa nini?"

"Kanisa zima! Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani. Baba alitaka kumkimbia mama. Watasema nini? Na mama mwenyewe, atalipokeaje mbele za watu? Tumwonyeshe peke yake nyumbani kama ni lazima."

"Baba amesema nisilikate."

"Baba hajui watu walivyo siku hizi. Kila mtu ana simu. Litazunguka."

"Baba anawajua watu kuliko wewe na mimi. Ameishi nao hapa." Nilimwambia hivyo bila kupandisha sauti, maana mke wa mchungaji alikuwa jikoni. "Nilimwuliza mara mbili baada ya kurekodi. Nikamwambia baba, hii itaonyeshwa mbele ya watu. Akanijibu, aibu yangu niliipata mbele ya watu, bani liliungua watu wote wakiona, na hili waone."

Laptopu ilikuwa imepoa, inangoja kipande kingine. Nje mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku.

"Wewe una uhakika?" akauliza.

"Ninao."

Alivaa tena vifaa vya masikioni, akabonyeza. Tuliendelea hivyo mpaka kipande cha mwisho kilipoiva. Jua lilikuwa bado liko juu. Tuliunganisha sehemu zote, zile zilizopikwa na mashine yangu Kanyenye na hizi za sakafuni, tukaitazama filamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Usingeweza kujua ipi imepikwa wapi. Mdogo wangu alipofunga laptopu alisema, "Dada, ningekuwa peke yangu ningeibana kwenye gari mpaka izime," nami nikamwambia ndiyo maana hakuwa peke yake.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alivaa gauni la rangi ya maziwa, baba suti yake nyeusi aliyoipigia pasi mwenyewe. Baada ya ibada na keki, vijana wa kwaya walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa mbele, wakafunga madirisha, na mdogo wangu akaunganisha laptopu na projekta. Mimi nilikaa ubavuni, mahali ninapoweza kumwona mama uso.

Watu walicheka kwenye picha za zamani, hasa ile ya baba mwenye suruali pana miguuni. Walisikiliza majirani. Kisha bani likatokea ukutani, na baba mbele yake, na sauti yake ikatoka kwenye spika safi kabisa, kana kwamba hakukuwa na upepo duniani siku ile. Alipofika kwenye benchi la stesheni na begi lake, nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na projekta, hataki kutazama. Baba mwenyewe alikuwa anaangalia mikono yake. "Mpaka leo hajui," baba wa ukutani akasema.

"Nilijua!"

Alikuwa mama. Alikuwa amesimama. Mdogo wangu akasimamisha filamu haraka.

"Nilijua," mama akarudia, akiwageukia watu kama anayetoa ushuhuda. "Alisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Nikafungua sanduku, suti haipo. Nani anakwenda kuangalia ng'ombe na suti?"

Kanisa zima lililipuka kwa kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akashika meza. Mashangazi wakapiga vigelegele, na mzee mmoja wa kanisa, rafiki wa baba wa tangu ujana, alikuwa anajifuta machozi kwa leso. Baba aliinua uso wake taratibu.

"Ulijua, ukaninyamazia miaka yote hii?" akamwuliza, si kwa sauti ya kanisani bali ya nyumbani.

Mama akaketi karibu naye. Alimjibu kwa Kinyamwezi, polepole, na sisi tuliokuwa karibu tu ndio tuliosikia. Alimwambia kwamba jioni ile alipika ugali wa watu wawili. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba asiporudi angeula wote mwenyewe, kesho yake aanze kufyatua matofali ya bani jipya. Baba akamshika mkono, akaushikilia mpaka filamu ilipokwisha.

Jioni ile, wageni walipokuwa wanakula, mdogo wangu alinifuata nilikokuwa nakunja nyaya.

"Ningelikata," akasema.

"Najua."

"Lingekuwa kosa."

"Lingekuwa." Nikampa nyaya abebe.

Umeme wa mtaa wetu ulirudi baada ya siku kadhaa, na mdogo wangu alikuwa bado hajaondoka. Watu wa Urambo walikuwa wameanza kuiomba filamu, kwa hiyo niliongeza mwishoni yale ya kanisani yaliyorekodiwa kwa simu, nikaipika upya nzima kwenye mashine yangu, kwa ubora wa juu, kwa mkupuo mmoja. Alikaa kwenye kiti cha mteja akaitazama ikifanya kazi, hakugusa kitu. Mwenye nyumba alikuja na chai ya maziwa, akaitazama filamu yote akiwa amesimama, na mama aliposema lile neno lake la suti alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. Akaomba nakala ampelekee mkewe.

Siku hizi ninayo laptopu yangu. Niliinunua baada ya jubilei, si nyembamba kama ya mdogo wangu, ina tumbo kidogo na matundu makubwa ya hewa, na naibeba kwenye kazi za vijijini kukagua picha papo hapo kabla kwaya haijavua sare. Kupika napikia nyumbani. Mdogo wangu naye alinipigia simu juzi kutoka Dar. Ofisi yao inataka kubadilisha kompyuta zote, wakubwa wamependa zile nyembamba, na yeye ameambiwa atoe ushauri.

"Wanafanya kazi gani?" nikamwuliza.

"Wengine wanaandika barua na kwenda mikutanoni. Ila kuna wale wa ramani, mashine zao zinahesabu kutwa nzima."

"Basi unajua la kuwaambia."

"Najua," akasema. "Nilitaka tu kukusikia ukisema." Kisha akaniuliza habari za baba na mama, nikamwambia wazima, baba yuko shambani anaandaa vitalu, na mama amemwazima jirani diski yenye filamu kwa mara nyingine tena.